Ndorobo wa Kwetu na Ndorobo wa Kule

Mama alizoea kusema kwamba nilizaliwa na miguu inayowasha. Siwezi kukaa mbele ya sufuria nikisubiri maji yachemke. Nitafunua kifuniko, nitafagia, nitatoka nje, nitarudi, nitafunua tena. Ndiyo maana watu wa nyumbani walicheka sana waliposikia nimepata kazi ambayo yote ni kusubiri. Ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa msichana aliyemaliza shule na bado hajaolewa, na kazi yenyewe ilikuwa kufuga mbung'o kwenye kituo cha utafiti nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nchi nzima ilitaka wadudu hao wanaowaambukiza ng'ombe maradhi wafe, mimi nikalipwa kuwalea.

Kwetu, vijiji vya upande wa Kolandoto, mbung'o tunamwita ndorobo. Mtu asiyemjua hudhani ni nzi wa kawaida mwenye kiburi. Lakini nzi wa kawaida hutaga mayai mamia na kwenda zake, ilhali ndorobo hubeba mtoto mmoja tumboni kama mwanamke. Anamzaa akiwa funza mnene mweupe, funza anajichimbia mchangani, anakakamaa na kuwa kitu cha kahawia kinachofanana na punje ya kunde. Hapo anakaa wiki baada ya wiki. Kila asubuhi niliinamia chupa zenye mchanga na punje hizo, nikizitazama kana kwamba macho yangu yangeziharakisha. Mchana niliwalisha wakubwa wao: unachukua kizimba kidogo cha chandarua, unakibana ubavuni mwa mbuzi, na ndorobo waliomo wanamnyonya damu kupitia matundu. Mbuzi walinichukia na mimi sikuwalaumu.

Mkuu wangu alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu, mtu wa ng'ambo ya ziwa, mpole, mwenye Kiswahili cha vitabuni. Yeye ndiye aliyenieleza tunatafuta nini. Chupa zetu zilikuwa na ndorobo wa aina mbili. Wa kwanza walikamatwa huku kwetu, kwenye mbuga za miiba. Wa pili waliletwa kutoka magharibi, kule unakopita Kahama kuelekea Runzewe na machimbo ya Geita, kwenye misitu ya miyombo. Ukiwaweka kiganjani hutajua nani ni nani. Rangi moja, ukubwa mmoja, namna moja ya kukunja mabawa mgongoni kama mkasi uliofungwa. Nilimwambia mkuu kwamba serikali inapoteza mbuzi bure.

Akaniita kwenye hadubini. Chini ya kioo alikuwa ameweka sehemu ya nyuma ya dume, pale penye vibanio viwili anavyotumia kumshika jike. Akabadilisha kioo, akaweka dume wa upande wa pili. Vibanio vilikuwa vingine kabisa, kama vile funguo mbili zilizochongwa na mafundi wasiojuana. Nilijisikia uso ukipata moto, kwa sababu msichana wa Kisukuma hafundishwi kuinamia mambo hayo akiwa na mwanamume chumbani. Lakini nilitazama tena, na tena, na siku hiyo nilisahau kuwalisha ndorobo wangu mpaka saa tisa.

Nilianza kuuliza maswali ya kuudhi. Wamekuwaje wawili? Mkuu alisema zamani sana walikuwa wamoja. Kisha nchi ikawagawa: huku miiba na ukame, kule miti mirefu na kivuli, na katikati eneo ambalo ndorobo halimfai. Waliobaki huku, jua la huku lilichuja wasiolimudu. Waliobaki kule, msitu wa kule ulichuja wake. Ingekuwa wanatembeleana na kuoana, damu ingechanganyika na wangebaki wamoja. Hawakutembeleana vya kutosha, kwa muda usiohesabika. Leo vitabu vinaita jambo hili kutokea kwa spishi. Sisi tulisema tu kwamba undugu umekatika.

Sikumwamini moja kwa moja. Nilikuwa nimekwenda kwenye kizuizi cha mbung'o barabara ya Kahama, pale wahudumu wanaposimamisha kila chombo na kukikagua kwa vyandarua vya mkono. Niliona wachimbaji wakitoka upande wa Geita kwa baiskeli, makarai mgongoni, na ndorobo wametulia kwenye mashati yao meusi wakisafiri bure. Kila baiskeli ilikuwa daraja. "Hawa wanavuka kila siku," nilimwambia mkuu. "Mbona damu haichanganyiki?" Akasema ndiyo maana tuna chupa. Tutawaozesha sisi wenyewe, dume wa kule na jike wa huku, tuone kitakachozaliwa. Na hao wa kwenye baiskeli, akasema, wengi wanashukia kwenye miiba wasiyoizoea, wanakufa kabla ya kupata mchumba.

Tulikuwa tumeshajua kwamba mapengo madogo hayatoshi kuwatenga. Tuliwahi kuwakamata ndorobo wa kwetu, tukawadondoshea nukta ya rangi nyeupe mgongoni, tukawaachia upande mmoja wa mkanda uliofyekwa vichaka. Baada ya muda tuliwakuta upande wa pili na nukta zao, wamenenepa. Wale walikuwa wanapitiana, na vibanio vyao vilikuwa vilevile pande zote mbili. Kwa hiyo mkuu hakuwa anaongea hewa. Niliwaozesha ndorobo wangu kwenye vichupa, nikaanza kusubiri punje, na miguu ikaanza kuwasha.

Mwaka huo mvua zilikataa. Majani yaliisha hadi mizizi, na kule nyumbani ng'ombe wa baba walianza kulamba udongo. Baba yangu hakuwa na kingine. Hakuwa na duka wala cheo wala shamba kubwa la pamba. Alikuwa na ng'ombe, aliowachagua dume kwa dume, jike kwa jike, tangu ujanani. Alijua mama wa kila ndama na bibi yake. Dume lenye kwato laini alilihasi, jike lisilovumilia kiu alilibadilisha, na hivyo mwaka hata mwaka mpaka kundi lake lilifanana naye mwenyewe: refu, kavu, lisilolalamika. Wakati wa ukame wazee wengine waliwagawa ng'ombe wao kwa marafiki wa vijiji mbalimbali, ili balaa likipiga mahali pamoja lisimalize wote. Safari hii kila rafiki alikuwa na ukame uleule. Baba akaamua kuwaswaga wote kwenda magharibi, mpaka karibu na Runzewe, ambako alisikia majani yanamfika mtu kifuani.

"Nchi ina majani na haina ng'ombe," alisema kwa dharau. "Watu wa kule wavivu sana."

Nilipata habari hiyo Jumamosi nilipokwenda nyumbani. Baba alikuwa na kanuni yake ya ndorobo, aliyorithi kwa babu, na haikuwahi kumwangusha: mchana epuka vichaka vya miiba, tafuta miti mirefu iliyo peupe chini, wapumzishe ng'ombe kwenye kivuli hicho. Huku kwetu ilikuwa sahihi kabisa. Ndorobo wetu ni wa miiba. Lakini wale wa kwenye chupa zangu za pili, wale wa magharibi, makao yao ni hasa hiyo miti mirefu. Kanuni iliyowaokoa ng'ombe wa babu ingewapeleka ng'ombe wa baba mezani pa ndorobo.

Nikamfuata zizini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu," aliitikia, maana kwetu baba humwita bintiye mama.

"Baba, ndorobo wa kule si hawa wa kwetu. Wale wanakaa kwenye miti mirefu."

"Umewaona wakikaa kwenye miti?"

"Hapana. Wanaletwa kwenye chupa."

Alicheka hadi akashika ua wa zizi. "Wanaletwa kwenye chupa! Na wakiwa kwenye chupa wanafananaje?"

"Wanafanana na hawa."

"Rangi?"

"Ileile."

"Ukubwa?"

"Uleule, baba."

"Basi umejuaje kwamba ni wengine?"

Tofauti niliijua, niliweza kuichora gizani. Lakini ilikuwa kwenye nyuma ya dume, kwenye anachotumia kwa jike, na aliyekuwa mbele yangu ni baba mzazi. Kwetu binti hata neno "dume" akilisema mbele ya baba yake hulisema akitazama pembeni. Nikasema, "Wanatofautiana kimaumbile." Akauliza maumbile gani. Nikasema, "Ya nyuma." Akanitolea macho, nikainama, na mazungumzo yakaisha. Aliniambia, kwa upole kabisa, "Ndorobo ni ndorobo gete, kweli kabisa. Nenda kamsaidie mama yako."

Nikaenda jikoni nikiwa na hasira za kuvunja vyungu. Nilimwambia mama kila kitu, na vibanio, na hadubini. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mimi nimwambie baba yenu mambo hayo? Nimwambie mwanao huko Shinyanga anachungulia uume wa nzi?" Nikamsihi, nikampigia magoti. Alikwenda kweli, akarudi upesi. Alikuwa amemwambia kwamba mtoto anasema ndorobo wa kule wana tabia mbaya. Baba alijibu kwamba hata wa huku hawajawahi kuwa na tabia nzuri.

Nilirudi kazini nimechanganyikiwa, nikamweleza mkuu. Alielewa haraka, akasema atakwenda mwenyewe kuongea na mzee, mwanamume kwa mwanamume. Nilimbariki kimoyomoyo. Jumapili iliyofuata akaja nyumbani kwa baiskeli, shati jeupe, na kwa kuwa alilelewa vizuri hakuja mikono mitupu. Alileta sukari na majani ya chai. Hilo ndilo lililoharibu. Kijana mwenye kazi ya serikali, kwenye nyumba yenye binti ambaye hajaolewa, na sukari mkononi! Baba alituma waitwe baba zangu wadogo. Mkuu akakalishwa kwenye kigoda kizuri, akaulizwa ukoo wake, wazazi wake kama wako hai, na kwao wanafuga au wanalima ndizi tu. Kila alipojaribu kusema, "Mzee, nimekuja kuhusu jambo moja," walimnyamazisha kwa heshima, maana mgeni wa namna ile hasemi shida yake siku ya kwanza. Wakampa kuku. Wakamwambia arudi na mzee wa kwao.

Alirudi kituoni hajatamka neno ndorobo. Nilimsihi aende tena. "Nikienda mara ya pili," alisema, "nitarudi na mke." Nilicheka, kisha nikaenda kulia nyuma ya banda la mbuzi, kwa sababu nilijua ng'ombe wangeondoka wiki hiyo.

Waliondoka alfajiri, baba mbele na kaka yangu nyuma. Nilikuwa nimeomba ruhusa niwaone. Nilitembea kando ya baba hadi mwisho wa kijiji, nikijiambia: sema sasa, sema tu, atakupiga kofi na litapita. "Baba, ukifika kwenye miti mirefu usipumzike. Tafadhali." Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto mwenye homa. "Nitapumzika wapi, mwanangu, kwenye miiba?"

Sikumbuki nimewahi kuishi wiki mbaya kama zile. Nilikuwa nasubiri mambo mawili kwa mpigo. Majike niliowaozesha kwa madume wa kule walikuwa wamezaa punje chache, chache mno, na wengine walikufa na majeraha tumboni. Niliziinamia punje zile asubuhi, mchana na jioni, na kati ya kuinama nilikwenda getini kuangalia kama kuna mtu ametoka magharibi. Nilivunja chupa. Nilimlisha mbuzi mmoja kwa ndorobo mara mbili nikamsahau mwingine. Mkuu aliniambia niketi. Nilimjibu vibaya, naye akaniacha.

Mwisho nilipanda basi kwenda Kahama. Mtaa wa Nyasubi palikuwa na mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, mtu wa asili ya pwani, kanzu na kofia, ambaye barazani kwake habari zote za barabara zilipita. Nilimwamkia nikamuuliza.

"Ng'ombe wa Kisukuma? Walipita, mama, wazuri, hatujaona kundi kama lile. Nasikia mzee wao amepiga kambi huko mbele, kwenye miyombo. Anakisifu kivuli chake sana."

"Na nyie huku mbona hamfugi?"

"Tunafuga mbuzi kidogo." Akanyanyua mabega. "Ng'ombe huku hawadumu. Sijui kwa nini. Ndivyo ilivyo tangu wazee."

Nilitaka kuendelea mbele hukohuko, kwa miguu, nikamshike baba kwa mkono. Hapakuwa na gari, na siku zangu za ruhusa zilikuwa zimekwisha. Nilisimama barabarani nikitazama magharibi, vumbi likinijaa mdomoni, kisha nikapanda basi la kurudi. Nakumbuka nilikasirika na kila mtu humo ndani, hasa waliolala usingizi.

Punje mbili zilipasuka juma lile. Walitoka ndorobo wawili, damu nusu ya huku na nusu ya kule, wazima, wenye hamu ya kula. Mmoja wao alikuwa dume. Niliruka kwa furaha. Niliwaza, basi undugu haujakatika, baba yuko sahihi, ndorobo ni ndorobo. Nikamwekea dume yule jike wa huku, kisha mwingine wa kule. Akawapanda wote. Nikasubiri. Mchanga wao ulibaki mchanga, hakuna punje hata moja, na niliendelea kuuchekecha hata mkuu aliposema inatosha. Dume lile lilikuwa tasa. Baiskeli zote za Geita zingeweza kubeba ndorobo hadi mwisho wa dunia, wasingekuwa kitu kimoja tena.

Kaka alirudi kwanza. Alisema ng'ombe walifurahia majani mwanzoni, kisha manyoya yakaanza kusimama, machozi yakawatoka, wakawa wanabaki nyuma ya wenzao. Baba alipoona wanaumwa alifanya alilolijua: akawasogeza mbali zaidi na vichaka, ndani zaidi kwenye miti mirefu. Kadiri walivyodhoofika ndivyo alivyozidi kuwatafutia kivuli kizuri. Kaka aliposema hivyo nilitoka nje, nikatembea hadi mtoni na kurudi, kwa kuwa kama ningebaki ningepiga yowe.

Baba alikuja baadaye, si nyumbani kwanza, kituoni. Nilimwona getini, amekonda, na fimbo yake ya kuchungia mkononi. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Nilimwamkia, akaitikia. Aliegemeza fimbo mlangoni kama afanyavyo akifika kwa watu, akaingia, akaangalia mbuzi, vizimba, chupa.

"Nionyeshe hao wa kwenye chupa," alisema.

Nilimpa mmoja wa kwetu na mmoja wa kule. Aliwageuza kwenye mwanga muda mrefu. "Ni hawahawa," akasema, na sauti yake haikuwa ya ubishi. Ilikuwa ya mtu anayeomba.

Mkuu hakuwepo. Nilivuta kigoda hadi kwenye hadubini, nikaweka kioo cha kwanza, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Sikusema ni nini. Baba aliyechagua madume maisha yake yote hakuhitaji kuambiwa. Nikabadilisha kioo. Alitazama, akaniashiria nirudishe cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha kwanza tena. Mimi nilitazama ukutani.

"Jike wa huku akipandwa na huyu?"

"Mara nyingine anaumia, baba. Akizaa, anazaa kidogo. Na dume atakayezaliwa hazai."

"Basi wameachana siku nyingi."

"Siku nyingi sana."

Alibaki ameinama juu ya kioo, ingawa nadhani alikuwa hatazami tena. "Hili ndilo ulilokuwa unataka kuniambia pale zizini."

"Ndiyo, baba."

"Ng'ombe wangu wote," alisema. Nilisikia mbuzi wakitafuna. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni kwa kioo au kwa nini, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe alinitazama usoni bila mimi kuinama.

"Siku nyingine, mwanangu," alisema, "usiniheshimu hivyo."

Nikaitikia, ndiyo, baba. Aliinuka, akaichukua fimbo yake ya kuchungia pale mlangoni, akaondoka nayo.